Ubani Chini ya King'ora

Bi Mwanaharusi alifika Kibiti kutoka Mbwara na kikapu kimoja tu, lakini ndani ya kikapu hicho mlikuwa na kila kitu ambacho mzazi anakihitaji: pilipili manga, mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, kanga kuukuu za kumfungia tumbo, chetezo cha udongo, na ubani uliofundikwa katika pindo la kitambaa. Bintiye Hafsa alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mtoto wake wa kwanza. Mudathiri, mumewe Hafsa, alikuwa Nyamisati, huko delta, kwenye biashara yake ya kamba wa baharini. Kwa hiyo arobaini yote ilikuwa mikononi mwa mama, na mama hakuwa na nia ya kuipunguza hata siku moja.

Hafsa alikuwa mpangaji katika nyumba ya Mwalimu Nicolaus, mtu wa Rombo aliyestaafu kazi ya ualimu, akaamua kubaki huku huku na mkewe Aika. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali, yenye bati juu na dari nyeupe. Katikati ya dari ya kila chumba palikuwa na kitu cha mviringo, kama kisahani cha kikombe kilichogeuzwa. Mwanaharusi alikitazama mara moja, akadhani ni taa iliyoharibika, akaendelea na shughuli zake.

Alasiri ya siku ile alifanya alichofanyiwa yeye na mama yake. Alitia makaa katika chetezo, akamsimamisha Hafsa juu yake, akamfunika kanga kuanzia mabegani hadi sakafuni, kisha akadondosha ubani. Moshi ukapanda polepole, wenye harufu tamu. Ulipofika darini, kile kisahani kikapiga ukelele mkali usiokatika, na mtoto akaamka akilia.

Mwanaharusi hakukimbia. Katika maisha yake alikuwa akijua aina moja tu ya viumbe visivyovumilia ubani, na hakuwahi kuviogopa.

"Kumbe mmo humu," akakiambia kile kisahani. "Mmejipangisha bila kodi." Akaongeza ubani mkono mzima.

Chini ya kanga Hafsa alikuwa akicheka huku ameshika tumbo. "Mama, basi, mshono wangu utafumuka. Si shetani huyo. Ni king'ora cha moshi."

"Jina lake silihitaji. Nahitaji atoke."

Aliyeingia hakuwa shetani bali Mwalimu Nicolaus mwenyewe, pekupeku, amebeba ndoo ya mchanga. Alimpita Mwanaharusi bila salamu, akamtazama mtoto, akatazama kitanda, akatazama chandarua. Alipoona hapakuwa na moto wowote isipokuwa makaa ya chetezo, aliitua ndoo. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Mwanaharusi alidhani ni kwa hasira.

"Mama," Mwalimu alisema, pumzi ikiwa bado haijamrudia, "katika nyumba yangu moto hauingii chumbani. Binti yako alielezwa siku ya kwanza."

"Alielezwa kabla hajawa mzazi, Mwalimu. Mzazi asipofukizwa, baridi humkaa mifupani mpaka uzeeni. Utakuja kumkanda wewe?"

"Nakuomba tu, mama. Usirudie."

Lakini alirudia. Kesho yake alipanda juu ya kigoda, akakizungusha kile kisahani mpaka kikabanduka, akakitoa betri, akakifunga ndani ya kanga na kukizika katika kikapu. Hafsa alifukizwa kwa utulivu, mtoto akalala, na chumba kizima kikanukia. Jioni Mwalimu alipita dirishani, akainua macho, akaona tundu tupu la dari.

Hakupaza sauti. Alisema kwamba king'ora kikirudi mahali pake, na moto ukikaa nje, wapangaji wake watakaa. Kama hayo hayawezekani, basi mwisho wa mwezi angehitaji chumba chake.

"Atatufukuza ndani ya arobaini," Mwanaharusi alimwambia bintiye. "Kwetu hata kuku aliyelalia mayai hatumhamishi."

Hafsa hakucheka safari hii. Alikuwa amemkumbatia mtoto, na machozi yalimchuruzika bila sauti, kama yanavyowachuruzika wanawake waliojifungua karibuni. "Nihamie wapi na mtoto wa siku chache hizi, mama? Mudathiri yuko delta. Na nyumba za kupanga zilizobaki ni zile za maji kuingia ndani."

Mwanaharusi akamfuta machozi kwa upindo wa kanga. Moyoni alikwisha kuamua. Alisikia kwamba Jumapili kungekuwa na mkutano wa kitongoji, na kwamba Mwalimu alikuwa ameomba nafasi ya kupendekeza sheria ndogo, kila nyumba ya kulala iwe na king'ora cha moshi. Yeye naye angekwenda. Angesimama mbele ya watu na kueleza sheria hiyo itakavyomtesa mzazi, na Mwalimu angeona haya, akawaachia chumba.

Jumamosi, Aika alibisha hodi akiwa na sufuria iliyofunikwa kwa sahani.

"Nimemletea mzazi mtori wa ndizi," alisema. "Kwetu mzazi hakai siku arobaini, anakaa miezi mitatu, na kazi yake ni kula na kunyonyesha."

"Miezi mitatu," alisema Mwanaharusi kwa heshima. "Hapo mmetushinda." Akapokea sufuria, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuficha lililomjaa, akaongeza, "Una mkono mwema, mwanangu. Sijui ulimpataje mume mwenye moyo mgumu vile."

Aika aliketi mkekani. Alisema kwa sauti ndogo, huku akimtazama Hafsa akila.

"Tulikuwa na mtoto kabla ya hawa wanetu wakubwa. Paschal. Tulikuwa kwenye nyumba ya shule huko bara, umeme ulikatika, tukamwachia mshumaa kwa sababu aliogopa giza. Sisi tulikuwa barazani, mama, tunachambua maharage na majirani. Hapo tu, kama wewe na mlango huo. Chandarua kikashika moto. Tulipoona moshi unatoka chini ya mlango, ulikuwa umeshakaa humo muda mrefu." Akaunyoosha upindo wa mkeka. "Nicolaus mpaka leo husema jambo moja. Kwamba moshi ulipita kimya."

Mwanaharusi alinyoosha mkono akaushika wa Aika, akakaa nao hivyo mpaka mtori ukaisha. Akaikumbuka ile mikono iliyotetemeka juu ya ndoo ya mchanga.

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule, watu wazima wakiwa wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mwenyekiti, Bwana Miraji, alimkaribisha Mwalimu, naye akaeleza hoja yake kwa maneno machache. Kicheko kikaanza kabla hajakaa.

"Mwalimu," alisema mkulima mmoja, "nyumbani kwangu mahindi ya mbegu yananing'inia juu ya mafiga, yakila moshi mpaka msimu. Hicho kidude chako kitalia tangu mavuno hadi kupanda."

"Mimi nakitaka," akadakia mwanamke mmoja nyuma. "Mume wangu anavuta sigara kitandani. Kimwaibishe."

"Tutakitundika kwenye makuti, Mwalimu, au tukivalishe kofia?" akauliza mwingine.

Mwalimu alisubiri kicheko kipite. "Sizungumzii moto wenu wa kupikia," alisema. "Nazungumzia watu waliolala. Na nasema iwe sheria, kwa sababu tukiachiwa hiari, kila mmoja atasubiri mpaka yamkute." Akakaa.

Mwanaharusi akasimama. Mwenyekiti akamwuliza kama mgeni ana la kusema katika mkutano wa wakazi.

"Mgeni anayekaribia kufukuzwa analo," akajibu, na darasa likacheka tena. "Nilikuja hapa kuwaambia muikatae sheria hii. Sasa siwaambii hivyo. Kuna jambo nimeelezwa, la ndani, halitoki kinywani mwangu, lakini tangu nilisikie, usiku kucha nimekuwa nikiamka kumtazama mjukuu wangu anavyopumua."

Hakumtazama Mwalimu aliposema hayo.

"Ila nami nisikilizeni. King'ora cha Mwalimu nilikishusha mimi. Nilifukiza, kikalia. Kingelia kila alasiri, na baada ya siku chache ningekizoea kama ninavyomzoea jogoo wa jirani, na siku ya moto wenyewe ningegeukia upande wa pili nikalala. Mkitulazimisha kutundika tu, tutatundika siku ya ukaguzi, na betri tutazitia katika redio. Mnajua kwamba tutafanya hivyo."

"Tutafanya," sauti moja ikakiri.

"Basi sheria ianzie chini, ndipo ipande darini. Iseme moto ukae wapi. Anayenipangisha chumba chenye king'ora, anipe na jiko la uani, na mahali penye stara pa kumfukizia mzazi. Moto ukishapewa nyumba yake, kelele ya chumbani itakuwa na maana, na mimi nitakuwa wa kwanza kunyoosha mkono."

"Bibi, wewe ni wakili wa nani hasa?" akauliza yule mkulima. "Wa Mwalimu au wa wapangaji?"

"Wa mtoto ambaye hata jina hajazoea kuitwa."

Bwana Miraji alisema hoja zote mbili zingeandikwa na kupelekwa ofisi ya kata, na mkutano ukaendelea na habari za mtaro wa maji. Mwalimu aliondoka kabla ya mwisho. Mwanaharusi alirudi nyumbani hajui kama amekiokoa chumba au amekipoteza, akaanza kukunja nguo za mtoto moja moja, endapo ingebidi.

Asubuhi alisikia jembe uani. Mwalimu alikuwa amesimamisha boriti nne za mikoko, na kando yake yalikuwepo mabati kuukuu na ndoo ya mchanga. Mwanaharusi alitoka, akaishika boriti moja, akaitikisa. Ikayumba kama jino la mtoto.

"Mwalimu, nguzo umezipanga mstari kama wanafunzi, lakini hazijashika ardhi. Tia kokoto, ushindilie."

"Nionyeshe, mama."

Akamwonyesha. Walifanya kazi pamoja mpaka jua likawa kali. Yeye alipendekeza wazungushie makuti, Mwalimu akakataa kabisa, wakakubaliana mabati pande zote na pazia la kanga mlangoni. Kisha Mwanaharusi akaingia ndani, akakitoa king'ora katika kikapu, akakipangusa chembe za pilipili manga, akakirudishia betri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Hakuna aliyezungumzia mwisho wa mwezi.

Alasiri, king'ora kikiwa kimerudi darini, Hafsa alisimama juu ya chetezo ndani ya kile kibanda. Moshi haukumfaa mtoto mchanga, na Aika alikuwa amekwenda sokoni. Mwanaharusi alitazama huku na huku, akamwona Mwalimu amekaa kwenye ngazi ya mlango akipangusa jembe.

"Mshike," akamwambia, akamwekea mtoto mapajani kabla hajapata muda wa kukataa.

Mwalimu alikaa wima kama mtu aliyemwagiwa maji. Lakini mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe chini ya shingo ya mtoto, ukaikinga, na ule wa kulia ukamzuilia upepo. Akainama taratibu, sikio lake likakaribia pua ndogo ile, akasikiliza.

"Mama," Hafsa aliita kutoka ndani ya moshi, "mtoto yuko na nani?"

"Yuko na babu yake," akajibu Mwanaharusi, akidondosha ubani.

Mwalimu alisikia, wala hakusahihisha.