Mitambo Ambayo Hakuiona

...na bado anaongea, tena kwa upole, upole ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, huku mashine ya fotokopi inanguruma na kumeza nusu ya maneno yake, "...alama moja tu, mdogo wangu, kwani...", mdogo wangu! mdogo wake tangu lini, kwa mama yupi, mwanagenzi huyu ana dada mmoja tu duniani wa kumwita hivyo, na dada huyo hajawahi kumwambia aseme ameona kitu ambacho hakukiona, akapanga karatasi nyingine kwenye trei kwa nguvu hadi zikajikunja, akazinyoosha, akijibu sasa hivi atatoa maneno ambayo hayarudi tumboni, na huyu aliyeegemea mlango ndiye msimamizi wake, ndiye anayeamua nani atoke kwenda kusoma na nani abaki, wanagenzi wote wa kampuni humwita Hakuna Shida kwa sababu ndilo neno lake, faili limepotea, hakuna shida, mteja amefoka, hakuna shida, mwanagenzi hajala tangu asubuhi, hakuna shida, na kweli kwake huwa hakuna, shida zote huwa za wengine, "...mkubwa wa kampuni kalirudisha faili, anataka kujua nani aliiona hiyo mitambo...", ee, na anataka kujua kwa haki yake, nani aliiona? juzi walikwenda wawili kiwandani kwa mteja, yeye na Hakuna Shida, kuona mitambo mipya ya kufungashia sabuni, ndiyo kazi ya ukaguzi hiyo, vitabu vya mteja vinasema mitambo imenunuliwa, basi mkaguzi aende aitazame, aiguse, asome namba iliyogongwa ubavuni, aondoke, kazi ya mtu mwenye macho na miguu tu, lakini wapi, walipofika akatokea mhasibu mkuu wa kiwanda, bwana mmoja wa kucheka hata pasipo na la kuchekesha, akasema jamani, leo kule ndani wanapuliza dawa ya wadudu, hakuingiliki, karibuni chakula kwanza, na Hakuna Shida akakaribia, akala, akashushia soda, akaonyeshwa picha kwenye simu, akasema safi kabisa, na mwanagenzi alipouliza, kwa adabu zote, basi turudi lini tuione, akakanyagwa mguu chini ya meza, akakanyagwa! kama mtoto anayetaka kutoa siri za nyumbani mbele ya wageni, na yeye akanyamaza, akatazama sahani yake, kha, hilo ndilo linalomchoma zaidi, kwamba alinyamaza.

"Unanisikia lakini?" Nakusikia, bosi, akasema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu mpole, mtiifu, akaichukia sauti hiyo, ilimpata wapi, shuleni alikuwa mbishi hadi walimu wanamkimbia, "...ukiweka alama na herufi zako mambo yamekwisha, Jumatatu unaanza wiki yako ya kusomea mtihani, fomu yako ya ruhusa iko mezani kwangu, sitaki ikwame...", ikwame, eti, kama vile fomu ina miguu ya kukwama yenyewe, si utaikwamisha wewe, mzee mzima huna haya, unajua kabisa mtihani huu nimeshaufeli mara moja na kampuni haina msalie mtume, nikiufeli tena nakabidhi kitambulisho pale mapokezi na kwaheri, unajua bila ile wiki siwezi, nitasoma saa ngapi nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wanne, maskini dada anajitahidi, anawafukuza uani, nyamazeni, mama mdogo anasoma, na wao wananong'ona kwa sauti kubwa kuliko kelele, na dada jioni anawaambia wateja wake wa kusuka, mdogo wangu ni mkaguzi, huyo humdanganyi, anakutazama tu anakujua, naye mwanagenzi anaona aibu na anaona raha, vyote pamoja, kwa sababu ni kweli wiki ile ya kwanza alipopewa kalamu ya kijani alijisikia mtu, aliambiwa kila unachokikagua unakiwekea alama ya vema na pembeni herufi za jina lako, maana yake ni mimi, nimekiona kwa macho yangu, na akakaa kitandani anajizoeza alama hiyo nyuma ya daftari la mtoto wa dada, safu kwa safu, mpaka ikawa na mkia mzuri, loo, ujinga mtamu ule, na sasa mkia huo mzuri ukakae juu ya mitambo ambayo pengine haipo hata chembe, pengine ni picha ya kiwanda cha watu wengine, na kesho yakilipuka wataitwa nani, wataziangalia herufi, watasema huyu hapa, na dada atasikia, na wateja wake watasikia, mkaguzi wako kumbe ndio hivyo, "...sisi wote tumepita huko, hata mimi nilipoanza...", ahaa, kumbe, kumbe na wewe ulikanyagwa mguu, na ukaona ni vizuri uje uwakanyage wengine...

na huo mtihani wenyewe ni wa nini jamani, ni wa ukaguzi! Jumatatu atafungua kitabu, sura ile ile aliyoipigia mistari, picha peke yake haitoshi, mkaguzi aone mwenyewe, na swali litakuja, lazima lije, mkaguzi ameonyeshwa picha badala ya mali, eleza afanye nini, naye atajibu vizuri sana, atajibu kwa mkono ule ule uliofanya kinyume, atafaulu, watampigia makofi, thubutu, damu ikampanda hadi masikioni, karatasi ikakwama, akaivuta, ikachanika, Hakuna Shida akasema taratibu bwana, na ndipo mwanagenzi alipomtazama, akamwona vizuri, jasho dogo juu ya mdomo, chumba hiki kina kiyoyozi, na mfuko wa shati una kalamu mbili, nyeusi na ya kijani, ya kijani! ana yake, ana herufi zake, naye alikuwepo kule, alikaa meza ile ile, kama ni alama tu mbona hajaiweka, mbona kaja mwenyewe chumba cha fotokopi, mkubwa mzima, kubembeleza mwanagenzi kwa dakika zote hizi, haogopi fomu huyu, haniogopi mimi, anaogopa herufi zake, na hofu yote aliyokuwa nayo tangu asubuhi ikaondoka, ikabaki hasira peke yake, safi, ya kutembea nayo, basi ikwamishe, nitasoma uani na watoto, nitasoma chooni, nikifeli nimefeli mimi, "...kwa hiyo tumeelewana?" akaweka karatasi za mwisho kwenye trei, mashine ikanguruma tena, neno alilokuwa nalo lilikuwa moja, sikuiona, akasubiri mashine inyamaze kwanza, huyu mtu asije akasema hakusikia.