Dunia za Baba Jane

Mwalimu Dainess wa Mahongole na mumewe Basil hawajawahi kugombana kwa sababu ya ada wala mashemeji. Wanachogombania ni dunia: iko moja, au ziko nyingi? Usicheke. Wote wawili wanafundisha fizikia, mke Makambako, mume chuoni Njombe, na huu ni mwaka wa sita kila Jumamosi wanakaa na kompyuta mbili na sahani ya viazi, wakitengeneza mchezo wa kwenye skrini wa kuwaonyesha wanafunzi mambo ya chembe ndogo kabisa.

Mwanafunzi anagusa skrini, chembe inaruka, mashine inaipeleka juu au chini. Katika kila nne, tatu hupanda. Hapo hawabishani. Wanabishana hivi: kule kushuka ambako kungeweza kutokea, kumekwenda wapi? Dainess anasema hakujaenda popote. Ukishapima, kimoja kinatokea, kingine kinafutika, dunia ni moja, twende tukanywe chai. Basil anasema yote mawili hutokea, dunia inagawanyika, na huko kuna Dainess mwingine aliyeiona chembe ikishuka.

"Huyo mwingine mpelekee nguo zako akufulie," humjibu mkewe.

Ili pasiwe na upendeleo, walijiwekea sharti: kila mmoja aandike programu ya upande asioukubali. Basil aliandika Dunia Moja, akaiandika kwa moyo mweupe. Dainess akaandika Dunia Nyingi. Wiki mbili zilizopita wakaiendesha hiyo Dunia Nyingi, na lo! Chembe zikatoka nusu juu, nusu chini. Kosa la wazi kabisa, maana tatu kwa nne zilipaswa kupanda! Dainess alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia. Basil alitazama skrini, akamtazama mkewe, akatabasamu kidogo.

"Basi umenishinda, Mama Jane."

Leo walimu wa fizikia wa mkoa mzima wamekusanyika ukumbini, mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe. Baada ya chai, Basil atasimama kuwaambia kwamba alichoamini miaka yote hakifai, na kwamba Dunia Nyingi inaondolewa kwenye mchezo. Nusu ya walimu hao aliwafundisha mwenyewe.

Wenzake walipotoka kunywa chai, Dainess alibaki kwenye kompyuta kufanya mazoezi. Kwa mbwembwe tu, akabadilisha kipimo: tisa kwa kumi zipande. Dunia Moja ikatii. Dunia Nyingi ikatoa nusu kwa nusu. Akacheka. Akaweka tisini na tisa kwa mia. Nusu kwa nusu. Kicheko kikakatika.

Akafungua programu yake, na kosa likamkodolea macho. Kila dunia ilipogawanyika, yeye alikuwa amezigawia dunia mbili uzito sawasawa, kama mama anayewakatia watoto andazi. Ile ya kupanda ilipaswa kubeba uzito mara tatu ya ile ya kushuka! Mwanafunzi wake wa kidato cha sita angeliona hilo. Na yeye, anayemsumbua Basil kwa kila nukta, hakuikagua programu hiyo hata mara moja, kwa sababu alitaka ianguke. Tuseme ukweli, alitaka ianguke.

Angeweza kufunga kompyuta akanyamaza. Lakini alikumbuka kwamba kwa wiki mbili Basil hakumbishia neno. Jumamosi iliyopita alimenya viazi kimya kimya, akaitikia kila kitu, na nyumba ikapoa kama ina msiba. Dainess alidhani hiyo ndiyo amani.

Walimu wakarudi. Basil akasimama mbele, akakohoa.

"Walimu wenzangu, kuna jambo ambalo nimeliamini kwa muda mrefu..."

"Kaa chini, Baba Jane!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Dainess akachukua kipaza sauti, akaeleza kosa lake bila kulipamba, kisha akarudisha kipimo cha tatu kwa nne na kurekebisha mstari ule mbele ya macho yao. Chembe zikamiminika, tatu kwa nne, kwenye programu zote mbili. Hakuna aliyeshinda. Wakapiga makofi, lakini yeye alikuwa anamtazama mumewe, aliyeinamisha kichwa.

Walipotoka nje, akamshika mkono.

"Programu zangu zote unazikagua mara tatu. Hii ilikuwaje?"

"Niliogopa kuikagua."

"Uliogopa nini?"

"Ulikuwa unacheka, Mama Jane. Tangu tumzike mama yako sijakuona ukicheka vile. Nikasema moyoni, acha dunia iwe moja, mradi iwe hii."

Machozi yalimjaa Dainess, akasingizia upepo, akaanza kumnyoosha kola ya shati ambayo wala haikuwa imekunjika.

"Mjinga wewe," alisema. "Mjinga kabisa. Nilikuwa nacheka kwa sababu nilidhani utanibishia."

"Sasa?"

"Sasa nibishie."