Roshani Iliyoachwa Tupu

Kadi za wasomaji hufika studio yetu ya manga, hadithi za kuchorwa, kila Jumatano zikiwa zimefungwa kwa mpira, na kazi ya kuzipanga ni yangu kwa sababu hakuna mwingine anayeitaka. Kila kitabu chetu kina kadi ndani. Msomaji anaandika alichopenda na alichochukia, kisha anaitia posta. Jumatano hiyo mwanzoni mwa Novemba nilisoma kumi na moja zilizomsifu shujaa wetu kwa ujinga wake, na moja iliyotaka agongwe na baiskeli. Ya kumi na tatu ilinifanya niweke kikombe chini.

"Nimependa persimoni zilizotundikwa kwenye roshani," ilisema. "Zina pilipili kavu kati ya tunda na tunda. Nimewahi kula za namna hiyo nyumbani kwangu. Ningependa kujua ni mtaa gani."

Persimoni ni tunda la rangi ya machungwa; kwetu humenywa na kutundikwa kwa kamba mpaka likauke na kuwa tamu. Kadi haikuwa na jina, na sikulihitaji. Kwa miaka saba mwandiko ule ulinifikia kila mwaka mpya, kwenye kadi ya salamu yenye majina matatu: Tetsuro, Shiho, Honoka. Shiho ni mdogo wangu, Honoka ni binti yake, na Tetsuro ni mume wake. Herufi zake husimama wima kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkali. Kwa mwandiko huohuo alikuwa akimwandikia mdogo wangu orodha ya makosa yake ya siku, anaibandika kwenye jokofu, na jioni anampiga kwa kuifuata orodha, kosa baada ya kosa.

Shiho alimkimbia miaka mitatu iliyopita akiwa na mtoto mgongoni. Tangu hapo amehama mara tatu. Mtu pekee anayejua anapoishi ni mimi, na mimi huyohuyo ndiye niliyekwenda kupachora, nikapasambaza nchi nzima.

Niseme ilivyotokea, maana kila nikikumbuka nataka kujizaba kofi. Hadithi yetu ni ya mapenzi na vichekesho. Kijana na msichana wanakaa nyumba jirani, wanapendana, na wanaoneana haya hata salamu ya kwenye ngazi inawashinda, kwa hiyo wanaongea kwa vitu wanavyotundika kwenye roshani zao. Msichana akianika soksi za njano, kijana hali chakula siku mbili. Mwalimu Nagatsuka ndiye mwenye hadithi, naye anachora watu. Mimi nachora kila kisicho na uso: ngazi, waya za umeme, mvua, masufuria. Sisi wa mandhari hatubuni. Tunatoka na kamera, tunapiga picha, tunaiweka chini ya karatasi yenye mwanga na kuifuata kwa kalamu mpaka kwenye msumari wa mwisho. Tukimaliza tunabadilisha majina ya milango na namba za magari ili tusimletee mtu udhia.

Mwaka jana, siku mbili kabla ya kupeleka kurasa kwa mhariri, Mwalimu alitaka roshani yenye harufu ya watu wanaoishi. Nilikuwa na picha niliyoipiga kwa Shiho, katika mji wa Hanno. Nikaifuata. Jina la mlangoni nililibadilisha, na namba ya baiskeli ya mtoto pia. Persimoni sikuziona. Nyani haoni kundule, na mimi sikuona kwamba ni sisi tu, watoto wa mama mmoja, tunaotia pilipili kwenye kamba ya persimoni. Mama aliamini zinafukuza kunguru. Kunguru wenyewe hawakuwahi kujali.

Tetsuro si msomaji wa manga. Lakini tangu Oktoba hadithi yetu inaigizwa kwenye televisheni kila Ijumaa, na kitabu kimewekwa mpaka kwenye maduka ya stesheni. Mashabiki walishautambua mtaa kwa kona ya reli na tangi la maji, na siku kumi baada ya kadi ile kikosi cha kamera kilikuwa kiende kupiga picha kulekule, kipindi cha persimoni.

Kadi ilikaa mfukoni mwangu siku tatu. Nilikuwa nachora matofali, yakatoka kama mikate. Nilimwogopa Tetsuro, lakini, niseme ukweli wangu, niliogopa pia kusimama mbele ya Mwalimu na kusema kwamba kwa ajili ya mambo ya nyumbani kwangu watu themanini wa televisheni wasimamishe kazi. Kwetu mtu hulelewa asiwe mzigo kwa wengine. Wako waliokufa kwa adabu hiyo.

Siku ya nne nilimweleza. Mwalimu Nagatsuka ana miaka sitini na mmoja, hana mume wala subira, na akiwaza hutafuna ngisi mkavu. Aliisoma kadi mara mbili.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Sikutaka kukusumbua, Mwalimu."

"Sasa umenisumbua na umechelewa. Ungechagua moja."

Akamwita Wakui, mtayarishaji wa tamthilia, akamtaka ahamishe upigaji picha mji mwingine. Wakui alikuja na boksi la keki, akainama, akasikiliza mpaka mwisho. Alisema kwa upole kwamba kuhama kunawezekana, ila mashabiki wameshapajua. Wakihama leo, kesho maelfu ya watu watauliza kwa nini, na mmoja wao atakuwa Tetsuro. Alisema kweli. Picha ilikuwa imetoka mikononi mwetu, na maji yakimwagika hayazoleki.

Mwalimu alitafuna ngisi kwa muda mrefu.

"Kanae," akaniita. "Wino ukimwagika kwenye ukurasa, na rangi nyeupe haiwezi kuufunika, tunafanyaje?"

"Tunachora usiku," nilisema. Ndivyo tunavyofanya. Doa moja lisilofutika linapotezwa kwa kuutia weusi ukurasa mzima, na msomaji anadhani ulikusudia.

"Basi tutie weusi."

Kwa siku mbili aliandika kipindi kile upya. Sasa shangazi wa msichana anakuja mtaani kumtafuta amwozeshe kwa mtu asiyempenda, na alama anayoijua ni persimoni zenye pilipili. Majirani wanapata habari. Kila mwenye roshani anamenya persimoni na kutundika za namna ileile, na shangazi anazunguka na kigari chake cha mboga mpaka kisigino cha kiatu kinang'oka. Wakui alicheka mpaka akafuta miwani. Mimi sikucheka. Nilikuwa najiuliza kama Tetsuro naye atazunguka, na atachoka lini.

Nilimpigia Shiho. Hakupiga kelele, na ningependelea apige.

"Sihami tena, dada," alisema. "Honoka amepata rafiki. Wa kwanza tangu tutoke. Wanabadilishana raba za kufutia. Nimwambie nini?"

Nikamweleza mpango. Akakubali mtaa upambwe, ila akakataa mafundi na kamera wasogee kwake. Wakui alimheshimu. Mafundi wake wakatundika persimoni kwenye roshani za mtaa ule, na kila mtu akaridhika kwamba mambo yamekwenda kistaarabu.

Kipindi kikaonyeshwa Ijumaa jioni. Studio nzima tulikaa mbele ya televisheni na vikombe vya tambi. Shangazi alipoanguka kwenye kigari cha mboga wenzangu walipigana vibao vya mgongo. Kisha kamera ikapanda juu, polepole, ikaonyesha mtaa wote kwa rangi: roshani baada ya roshani, machungwa na mekundu, machungwa na mekundu, nzuri mno hadi mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Na katikati, ghorofa ya pili, roshani moja tupu.

Tulikuwa tumechora usiku kila mahali, tukaacha tundu jeupe juu ya kichwa cha mdogo wangu. Mtu yeyote angedhani mafundi wamesahau. Tetsuro hakuwa mtu yeyote. Ni mtu aliyekuwa akipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi. Angejua kwamba katika mtaa wa watu wanaofurahi, asiyetundika ni mwenye hofu.

Nilitoka kwenye ngazi nikampigia Shiho. Alikuwa ameiona.

"Tundika kesho asubuhi," nikamwambia.

"Nikitundika naogopa, nisipotundika naogopa. Afadhali niogope bila kumenya matunda."

"Shiho, tafadhali."

"Kesho naingia zamu kiwandani, dada. Honoka atashinda chini kwa Bi. Sugimori. Njoo wewe." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Njoo kweli."

Sikulala. Jumamosi sokoni nilinunua persimoni ishirini, pilipili na kamba, nikapanda treni ya kuelekea Hanno. Njiani nilizimenya mapajani nikizifunga, bila kujali waliokuwa wakinitazama. Vidole vyangu vinajua fundo moja tu, la Mama: kamba inazungushwa kikonyo mara mbili kisha inapita chini yake yenyewe, haifunguki hata kwa upepo. Dirishani, mji baada ya mji, niliona roshani zenye machungwa na mekundu. Watu walikuwa wameiga televisheni kwa usiku mmoja. Ilitakiwa nifarijike. Nilichofanya ni kuzihesabu zilizo tupu.

Kutoka stesheni nilikimbia. Kila mwanamume mwenye koti la kijivu alikuwa na mabega ya Tetsuro. Nilipofika chini ya nyumba ya Shiho nikainua macho. Roshani yake ilikuwa imejaa persimoni.

Bi. Sugimori, mjane wa ghorofa ya chini, alikuwa akifagia majani mlangoni. Ana ufunguo wa Shiho kwa ajili ya mtoto.

"Wewe ndiye dada mtu," alisema. "Nimezitundika mimi, asubuhi saa mbili. Roshani moja uchi kwenye mtaa mzima, inatutia aibu." Aliendelea kufagia. "Mmoja amekuja saa nne. Mtanashati, mpole, koti limepigwa pasi. Ameniuliza pale juu ni kwa nani."

Nilimshika mkono ulioshika ufagio.

"Nimemwambia za pale ni zangu, nyumbani kwangu hakuna jua. Akasema jana kwenye televisheni palikuwa patupu. Nikamwambia walikuja siku yangu ya kufua. Akatazama, akatazama, akaniomba azione karibu. Nikamshushia kamba moja, nikampa, zawadi. Unajua alichofanya? Hakutazama tunda wala pilipili. Aligeuza kamba akatazama fundo."

"Halafu?"

"Akainama, vizuri sana, kama mtu aliyelelewa. Akaenda zake stesheni."

Nilikaa chini palepale kwenye kizingiti, mfuko wangu mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na mafundo ishirini ya Mama, yaleyale ambayo Tetsuro alikuwa akiyaona kwa Shiho. Ningewahi treni ya mapema zaidi, ningeyatundika pale juu kwa mikono yangu.

"Ulijua, mama?" nikamuuliza. "Shiho alikwambia?"

"Hajaniambia kitu. Lakini mwanamke anayefunga mlango kwa komeo tatu simuulizi sababu." Akanipa ufagio nimalizie, akaingia ndani kumpa Honoka uji.

Shiho alirudi saa kumi. Nilimweleza kila kitu akiwa bado na kofia ya kiwandani kichwani. Alitoka kwenye roshani, akashika kamba moja ya Bi. Sugimori, akaitazama. Ilikuwa imefungwa kwa fundo la kamba za viatu, lenye masikio mawili. Akaanza kucheka, na kicheko kikamgeukia kilio, nami nikamshika mpaka kikaisha. Hatukujidanganya kwamba tumemaliza. Mtu aliyeinama na kuondoka anaweza kurudi, na kwa mwandiko ule ule ataendelea kuuliza mitaa mingine. Lakini Honoka Jumatatu angekwenda shule na raba zake.

Mzigo wangu wa persimoni tuliukata mafundo, tukayatupa kwenye mifuko ya taka jikoni, tukaifunga mara mbili. Jioni tukateremsha kamba moja ya Bi. Sugimori, kwa kuwa Honoka alisema ana njaa na hataki kingine. Hazikuwa zimekauka hata kidogo, zilikuwa na ukakasi wa kukausha ulimi. Tulizila zote, tukikunjiana nyuso.

Honoka akaokota kamba iliyobaki, akaizungusha kidoleni. "Mama mkubwa anasema bibi alikuwa na fundo lake. Mama, nifundishe."

Shiho alinitazama. Nilidhani atakataa, na nisingemlaumu. Akainuka, akaangalia komeo tatu, akafunga pazia, ndipo akaketi na kushika vidole vya mwanawe.