Kioo cha Kumtazamia Kaa

Pale penye ujenzi walimwita Bi Juu. Aliendesha winchi, ile ndefu inayozunguka juu ya maghorofa yasiyokwisha, na wanaume waliopokea nondo na zege huko chini walitaniana kwamba mama huyu akikukasirikia hana haja ya kugombana nawe. Anakuachia tu kitu.

Nyota zilimpata huko huko juu. Siku ambazo kazi ilichelewa kwisha, aliziona zikitokeza moja moja kabla taa za mji hazijawaka zote, akarudi nyumbani na maswali. Mumewe alikuwa fundi wa kukata vioo vya miwani. Majibu hakuwa nayo, ila mikono alikuwa nayo. Alitafuta kioo kinene cha mviringo, akakisugua kwa unga mkali kila jioni baada ya kazi, miezi na miezi, hadi kikapata bonde dogo ambalo kwa macho hulioni. Wakakitia ndani ya bomba la bati, wakalipandisha kwenye paa la nyumba yao, lililokuwa la zege, tambarare. Ikawa darubini. Hawakujaliwa mtoto, na majirani walisema huyo bomba ndiye mtoto wao: analala sebuleni na anafunikwa shuka.

Bi Juu hakujali nyota zinazong'aa. "Hizo zinajitangaza zenyewe," alisema. Alimpenda Kaa, aliyejibanza kati ya Mapacha na Simba, nyota zake hafifu mno hata juu ya mji wao hakuonekana kabisa kwa macho matupu. Ungemtafuta ukaona kipande cha anga kitupu. Lakini ukielekeza darubini katikati ya utupu ule, unakuta Mzinga: nyota tele zimejazana kama nyuki waliochokozwa. Na kando kidogo, kwa mwenye subira, kuna kundi la pili, mfano wa vumbi la chaki kwenye ubao uliofutwa vibaya. Hilo Bi Juu aliliita Wazee. Alikuwa amesoma kwamba makundi mengi ya nyota hutawanyika yakiwa bado machanga, kila nyota ikashika njia yake. Hili limeshikamana miaka mingi mno, karibu umri wa jua lenyewe.

"Kama mimi na wewe," mumewe alimwambia jioni moja, jicho likiwa limeganda kwenye darubini.

"Hao wana nafuu. Hawajawahi kugombania mto wa kulalia."

Kaa ana jina jingine, la vitabu vya zamani vya unajimu: Saratani. Bi Juu alilipenda kwa mlio wake. "Saratani iko wapi leo?" aliuliza akiingia mlangoni, hajavua hata viatu, na fundi akamjibu, "Iko juu, inakungoja."

Maumivu yalianzia mgongoni. Alisingizia kiti cha winchi. Kisha chakula kikamkataa, nguo zikampwaya, macho yakageuka rangi ya manjano. Siku daktari alipowaita ofisini na kuwaambia ni saratani ya kongosho, tena imeshasambaa, Bi Juu aliangua kicheko. Daktari akadhani hajaelewa, akarudia taratibu. Fundi hakucheka. Alitazama midomo ya daktari ikilitamka jina lile, akahisi kama amemsikia mtu baki akimwita mkewe kwa jina la chumbani.

Wakati Bi Juu amelazwa, mama yake alikuja kukaa nao ili asaidie kuuguza. Alikuwa mama mkwe wa heshima zake, hapandishi sauti, na hakuwa adui wa mtu. Ila alikuwa amewatembelea mara nyingi siku za nyuma, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Baba," alimwambia mkwewe walipokuwa wakila chakula ambacho hakuna aliyekitaka, "mlikuwa mkiliita jina hilo kila siku. Humu humu ndani. Mnaliuliza liko wapi, mnajibizana kwamba linangoja."

"Mama, ile ni nyota."

"Mimi sijasoma mambo ya nyota. Najua lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Limekuja." Akasukuma sahani. "Litoe hilo bomba, mwanangu. Nakuomba. Sina mtoto mwingine."

Fundi hakuamini. Hata wakati anapanda ngazi hakuamini. Lakini mtu akizama hushika hata unyasi, na yeye alikuwa amekwisha kushika kila kitu kingine: dawa, sala, daktari wa pili, daktari wa tatu. Alilifungua bomba, akakitoa kioo, akakiweka kifudifudi juu ya gunia. Alikipiga nyundo moja tu. Bati lenyewe alilichukua mnunua vyuma chakavu aliyepita mchana ule, akalitia mkokoteni pamoja na fremu ya baiskeli.

Hospitali ikamruhusu Bi Juu. Kila mmoja alijua ruhusa hiyo ina maana gani, kwa hiyo hakuna aliyeshangilia. Walimlaza sebuleni kwenye dirisha kubwa, na alipotulia, neno lake la kwanza lilikuwa, "Si ndiyo miezi yake hii? Kaa yuko utosini sasa. Nipandishe, Fundi."

"Kuna mawingu."

Kesho yake ikawa ni mawingu. Keshokutwa, mawingu. Jioni iliyofuata Bi Juu aligeuza shingo kuelekea dirishani, ambako anga lilikuwa jeupe pee.

"Mimi ni mgonjwa, si kipofu. Darubini iko wapi?"

Mama mkwe akatokea jikoni, kitambaa mkononi. "Ni mimi, mwanangu. Nilimwambia aitoe. Kwa sababu ya lile jina."

Bi Juu alimtazama mama yake. "Mama, lile ni jina tu. Wangeuita huu ugonjwa kiazi, ningekufa kwa kiazi." Kisha akamgeukia mumewe, na utani ukamwisha usoni. "Mama hajui. Wewe je? Wewe uliyekisugua?"

"Nilitaka upone."

"Na kioo?"

"Nimekivunja."

Hakumtukana. Ingekuwa afadhali. Alifumba macho tu, na fundi akabaki amesimama katikati ya sebule yake kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Siku zilizofuata hakwenda nyumbani moja kwa moja kutoka kazini. Alibaki dukani akijaribu kuunga lenzi za kupimia macho ndani ya bomba la karatasi ngumu. Kioo kingine kingetaka miezi, na miezi haikuwepo. Alipomaliza, yeye na mama mkwe walimpandisha Bi Juu kwenye paa jua lilipokwisha kuzama, wamemkalisha kwenye kiti cha plastiki, mmoja huku, mwingine huku. Alikuwa mwepesi hata ikawaumiza kumbeba.

Fundi alipiga magoti, akalielekeza bomba pale palipo patupu kati ya Mapacha na Simba, akatafuta, akatafuta tena. Aliona ukungu na taa za mji. Akamwekea mkewe jichoni hata hivyo.

"Unaona?" aliuliza. "Mzinga. Uko hapo katikati. Unaona?"

Mama mkwe aliyekuwa nyuma alimkazia binti yake macho, kama anayemwomba aseme ndiyo.

"Sioni kitu," alisema Bi Juu.

"Ngoja nisogeze."

"Fundi. Hakuna kitu humo." Alisema bila hasira, kama anayemwambia mtu wa chini kwamba mzigo haukufungwa sawasawa. "Nishusheni. Nasikia baridi."

Alifariki wiki hiyo, mchana, mama yake akiwa amemshika mguu na fundi akiwa amekwenda kuchukua dawa ya maumivu. Wenzake wa kwenye ujenzi walikuja mazikoni na kofia zao za kazi mikononi. Mmoja alimwambia fundi kwamba siku ile winchi haikuzungushwa. Fundi aliitikia kwa kichwa. Hakusikia lolote.

Mama mkwe hakurudi kwake. Hakuna aliyemwambia abaki wala aondoke. Waliishi nyumba moja, wakisalimiana asubuhi, wakipakuliana chakula, na kati yao hakuna aliyemlaumu mwenzake, maana kila mmoja alijua jibu atakalorudishiwa. Dukani fundi aliendelea kukata vioo. Wateja walivaa miwani yao mipya, wakatoka mlangoni wakishangaa majani ya miti.

Mwaka ukazunguka, na Kaa akarudi utosini. Jioni moja fundi, akiwa amejilaza, alisikia nyayo juu ya paa. Mama mkwe alikuwa amepanda peke yake. Zilikwenda upande wa mashariki zikasimama, zikaja magharibi zikasimama. Alikuwa akitafuta, naye hajui pa kutazama, na hata angejua, asingeona kitu.

Kupanda ngazi na kumwonyesha kwa kidole kungetosha. Fundi aliinuka, akakaa ukingoni mwa kitanda, miguu sakafuni. Nyayo zikasimama tena juu ya kichwa chake, zikakaa hapo. Akajilaza tena, akageukia ukutani.