Mistari Sita Iliyofutwa

Jumamosi moja ya Julai, Erasmus Rwegoshora alikuwa akianika nguo nyuma ya nyumba huko Rooty Hill, kitongoji cha ughaibuni alikohamia, simu ilipotikisika mfukoni. Alidhani ni dada yake wa Bukoba. Kumbe ni barua pepe ya mtu asiyemjua, tena kwa Kiswahili.

"Ndugu Erasmus, naitwa Lina Aqil, mzaliwa wa Tanga, naishi Adelaide. Nilipoona programu yako inaitwa Kizingiti nikajua mwenyewe ni mtu wa kwetu, ndiyo maana sikuandika Kiingereza. Tafadhali nipigie leo. Kizingiti kinaingiza watu bila neno la siri."

Aliacha nguo zilizobaki kwenye beseni, akaingia ndani.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Siku za kazi alipanda treni hadi katikati ya jiji, akashinda kwenye ofisi ya kampuni moja ya mizigo, akarudi. Kijumba alichopanga kilikuwa uani kwa familia ya Kifilipino, watu wema, lakini maongezi yao hayakuvuka habari za baridi na siku ya kutoa taka. Wengine aliowasiliana nao ni wale waliomwandikia kuhusu Kizingiti, programu ndogo ya seva inayokaa mlangoni mwa tovuti na kuamua nani aingie, nani abaki nje. Aliianza alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mtaa wa Kensington, akaitoa bure, na sasa ilitumiwa na mashirika madogo mia kadhaa. Aliwajua kwa malalamiko yao tu. Mambo yakienda vizuri hakuna anayeandika.

Akalijaribu alilosema Lina. Kizingiti mara nyingi huwekwa nyuma ya seva nyingine iliyokwisha kuuliza neno la siri. Seva hiyo humpa kila anayepita mfano wa kijikaratasi: huyu ni fulani, nimeshamkagua. Erasmus akakiandika kijikaratasi hicho mwenyewe, akajiita msimamizi, akakituma kutoka nje kabisa. Ukurasa wa ndani ukafunguka. Hakuulizwa chochote.

Akapiga simu.

"Ni kweli, dada," alisema baada ya salamu. "Nimeona kwa macho yangu. Uligunduaje?"

"Mimi najitolea tu, nawatunzia kompyuta nyumba ya hifadhi. Ya akina mama waliokimbia waume zao. Kuna ukurasa wenye majina, vyumba, na mahali nyumba ilipo. Jana asubuhi nilipitia kumbukumbu za seva nikaona umefunguliwa Alhamisi saa tisa alasiri, na saa hiyo wafanyakazi wote walikuwa kwenye mkutano. Aliyeufungua alitafuta jina moja tu."

Erasmus aliufunga ule ukurasa wa ndani uliokuwa bado wazi mbele yake.

"Kaka, upo?"

"Nipo. Huyo mama yuko wapi sasa?"

"Tumemhamisha jana hiyohiyo, na watoto wake wawili. Mji mwingine kabisa. Watoto ndiyo kwanza walikuwa wameanza kuizoea shule."

"Alikuwa mumewe?"

"Hatujui. Hatukungoja kujua."

Alimwomba aizime seva. Lina akamjibu kwamba ameizima tangu jana.

Programu ya namna hii huweka historia ya kila mstari: nani aliuandika, nani aliufuta, na lini. Erasmus aliifungua historia hiyo akiomba kimoyomoyo kosa liwe la mtu mwingine. Dakika tano hazikupita. Palikuwa na mistari sita yenye kazi moja tu, kwamba kijikaratasi chochote kinachotoka nje kitupwe. Aliyeiandika ni Kassian Ndunguru. Ilifutwa miaka mitatu iliyopita. Aliyeifuta ni Erasmus.

Maneno ya Kassian yalikuwa bado yapo pale chini: "Usiitoe. Si wote watakaokumbuka kuweka seva nyingine mbele." Na jibu lake mwenyewe: "Inachelewesha. Wanaotutumia si watoto wadogo."

Walikuwa wamepanga chumba kimoja Kensington, yeye na Kassian, wakila sahani moja, na Kizingiti kilianzia kwenye meza yao ya kulia. Siku ile ya mistari sita walibishana kwenye simu hadi Erasmus akamwambia, "Programu ni yangu. Wewe humu ni mgeni." Kassian akajitoa. Alibaki kulekule Kensington, akifundisha. Kutoka Rooty Hill ni mwendo wa treni na tramu usiozidi saa mbili, na katika miaka mitatu hakuna aliyeutembea.

Simu iliita mara tano.

"Kassian. Ni Erasmus."

"Najua. Namba yako sijaifuta."

Hakukuwa na hasira katika sauti ile, wala furaha. Zamani angeanza na "Mhaya, umekula?" Nyuma yake mtoto mchanga alikuwa akilia. Erasmus hakujua kwamba Kassian amepata mtoto, na hakujua kama ana ruhusa ya kuuliza.

Akamweleza yote, ya Lina, ya yule mama, ya historia. Hakujitetea. Alipomaliza alisikia mlango ukifungwa upande wa pili, na kilio kikafifia.

"Hiyo mistari usiirudishe ilivyo," Kassian alisema.

"Kwa nini?"

"Haikutosha. Inakitambua kijikaratasi kikiandikwa kwa herufi ndogo tu. Mtu akitumia kubwa anapita. Niliona mwezi mmoja baadaye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulishaniambia mimi ni mgeni."

Erasmus aliweka mkono juu ya meza, akautazama.

"Nisamehe, Kassian."

"Fungua faili," Kassian alijibu. "Tuanze."

Wakafanya kazi saa mbili na nusu, kila mmoja kwake, simu ikiwa mezani. Kassian alisoma, Erasmus akaandika. Kassian alibuni njia za kuudanganya mlango: herufi kubwa, nafasi iliyoachwa wazi, vijikaratasi viwili kwa pamoja. Mara moja tu, jaribio la ajabu lilipokataliwa walivyotaka, Kassian aliguna kama mtu anayetaka kucheka. Erasmus akangoja. Kicheko hakikuja.

Ilibaki tangazo la kuwaonya watumiaji. Erasmus alianza na "Imebainika hitilafu", kama wanavyoandika wote, akaifuta. Akaandika: "Niliondoa ulinzi huu mimi mwenyewe, baada ya mwenzangu kunionya, nami sikumsikiliza." Akamsomea Kassian.

"Nikutaje jina?"

"Hapana. Mimi niache."

"Basi, siku moja nije Kensington tu—"

"Tutaonana," Kassian alisema, kwa sauti ya mtu anayemuaga kinyozi. Akakata.

Toleo jipya lilitoka kabla ya saa kumi na moja. Kwa siku tatu barua zilimiminika. Wengine walishukuru, wengi walitukana, mmoja alisema anausifu ukweli wake lakini hatamwamini tena. Kutoka Kensington hapakuja neno. Erasmus alimtumia Kassian ujumbe mara mbili, wa pili akimpongeza kwa mtoto. Jumbe zote mbili zilionyesha kwamba zimesomwa.

Jumapili iliyofuata Lina akapiga.

"Kaka, nina aibu kukwambia. Bodi imeamua tutumie programu nyingine."

"Usione aibu. Ningekuwa mimi ningeamua hivyohivyo. Una mtu wa kukuhamishia?"

"Nipo peke yangu."

"Basi nitakuelekeza."

Wakahamisha siku ile nzima, ukurasa baada ya ukurasa. Lina alichekesha, alimsimulia baridi ya Adelaide, alimwambia vitumbua vyake huku haviumuki. Erasmus alijikuta akieleza polepole kuliko ilivyohitajika. Jioni mlango mpya ulipojaribiwa na kushika, aliuliza swali alilolibeba wiki nzima.

"Yule mama na wanawe, wanaendeleaje?"

"Sijui, kaka. Na hata ningejua, nisingekwambia."

"Vema," alisema Erasmus. "Usimwambie mtu."

Waliagana. Akalitafuta jina la ile nyumba ya hifadhi kwenye orodha ya watumiaji wake, akaliondoa, kisha akafungua barua iliyofuata na kuanza kuijibu.