Ukoo wa Gari la Herdis

Farasi wa mwisho alikuwa ameshapita lango, mbwa nyuma yake wakiwa na tope hadi matumboni, na Herdis bado alikuwa chini ya gari. Miguu tu ndiyo iliyoonekana.

"Dada, sisi haoo!" Torfi aliita kutoka juu ya farasi. "Utatufuata, au tukuzike hapohapo?"

"Nendeni. Chakula kitawakuta kibandani."

Torfi ndiye mfalme wa mlima, yule anayewaongoza watu kila vuli kupanda nyikani kuwateremsha kondoo waliokula majani ya huko kiangazi kizima. Neno lake likitoka limetoka. Alimgeuza farasi akarudi hatua chache, na safari hii hakutania.

"Nikifika mtoni sijasikia kwako, nampigia Sturla. Mkwe wangu ana gari jipya, na watu wangu hawalali na njaa. Na nikishampa kazi, mwakani siwezi kumnyang'anya. Unanielewa?"

"Nimekusikia."

Mtoni ndipo mahali pa mwisho simu inaposhika. Ukivuka pale ni mawe, mvua na Mungu. Herdis alipajua vizuri, maana kila mwaka alisimama palepale kupiga simu nyumbani. Alianza kubeba chakula cha wakusanya kondoo akiwa bibi harusi, yeye na mumewe Eyvind. Eyvind alipofariki aliuza ng'ombe, akakodisha malisho, lakini kazi hii hakuiachia. Ukimwondolea hiyo, umemwacha mwanamke mwenye nyumba kubwa na redio.

Alitoka chini ya gari akajifuta mikono. Mimi, kibarua wake wa vuli ile, nilikuwa nimeshika tochi.

"Haziingii," alisema.

Diski za breki za mbele ndizo zilizokuwa haziingii. Za zamani alikuwa amezitoa jana yake, na moja ilikuwa na ufa kutoka katikati hadi ukingoni. Mpya alikuwa ameziagiza kwa namba ya gari, kama kila mtu anavyofanya, zikaja kwenye boksi safi, naye akaliamini boksi mpaka asubuhi ile ya safari. Mashimo sita ya bolti yalikaa sawa. Tundu la katikati lilikuwa dogo, likagoma kupita kwenye kitovu cha gurudumu.

Nikasema, "Rudisha za zamani, twende polepole."

Alinitazama kama mbwa aliyeingia na viatu jikoni. "Na pale Shavuni?"

Shavu ni mteremko ulio juu ya kibanda wanacholala wakusanya kondoo. Ukiushuka bila breki, kibanda hukioni; unakutana nacho.

Tulipakia diski zote nne kwenye kigari changu tukaenda mjini, bandarini, kwenye duka la spea la Alfheid. Alfheid aliandika namba ya gari kwenye kompyuta, akatazama, akatazama tena.

"Mama Herdis, inasema diski zako ni hizohizo ulizonazo."

"Kompyuta haijalala chini ya gari langu."

Alfheid alicheka, akatoka nyuma ya kaunta. Aliinua diski nzee kwa mikono miwili akailaza juu ya mpya. Ile nzee ilikuwa nene zaidi, na tundu lake lingemeza ngumi yangu.

"Hawa si ndugu," alisema. "Hawa hawajaonana hata msibani." Halafu akauliza swali ambalo sisi huku tunamuuliza kila mgeni kabla hajamiminiwa kahawa: "Hili gari lako ni la watu gani?"

Herdis akaanza kuhesabu ukoo. "Eyvind alilinunua kwa kasisi."

"Kasisi yupi? Yule mwembamba?"

"Mnene. Aliyehamia kusini. Naye alilipata kwa kikosi cha uokoaji."

"Kikosi cha uokoaji!" Alfheid alipiga kaunta. "Na magari yao aliyaunda nani?"

"Marino."

"Basi mama, hilo si gari. Hilo ni ndoa."

Ni kweli. Nimezunguka nchi hii pande zote, sijaona gari la mlimani lililobaki kama lilivyozaliwa. Tunaliinua, tunalivisha matairi ya kutembelea juu ya theluji, tunalikata miguu na kulipachika ya jingine. Namba inabaki ileile ya mwanzo. Fundi anajua, mwenye gari anajua, basi hakuna anayeona haja ya kusema. Wakishakufa ndipo gari linakuwa yatima.

Saa hizo Marino hukosekana nyumbani. Alfheid alipiga simu bwawa la mji, na mhudumu akapeleka simu hadi ukingoni mwa maji moto.

"Nani? Sema upesi, maji yako shingoni!" Nyuma yake wazee wengine walikuwa wakibishana kuhusu bei ya sufu ya kondoo.

Herdis akaichukua simu. "Mzee, ni Herdis. Nauliza habari za gari."

"Jekundu? Lenye tundu la antena kwenye paa?"

"Ndilo."

Tulisikia maji yakicheza. "Ekseli ya mbele niliitoa kwenye gari la wagonjwa. Bodi ilikuwa imeoza lakini miguu ilikuwa mizima. Eyvind alijua, nilimwambia mwenyewe."

"Eyvind hayupo, mzee."

"Najua, mwanangu. Nilikuja kumzika. Nilikaa nyuma kabisa, goti lilikuwa linasumbua."

Herdis alirudisha simu, akaishika diski nzee. "Kila Eyvind akija kununua pedi za breki," alisema, "alikuwa anatia ile kuukuu mfukoni mwa koti. Nilimgombeza, ananichafulia koti la kanisani. Nikadhani ni uzee. Kumbe alikuwa anakuja na shahidi."

Alfheid alikuwa ameshaingia stoo. "Gari la wagonjwa na magari ya wauza samaki ni tumbo moja!" alipaza sauti kutoka huko. "Hizi natoa kila mwezi, chumvi inazila!" Alitoka na maboksi mawili, na pedi zake juu.

Herdis hakuliamini boksi tena. Alifungua palepale kaunta, akailaza nzee juu ya mpya, akapitisha kidole kwenye tundu, akapima unene, akahesabu mashimo. Nyuma yetu watu walikuwa wamepanga foleni. Wakangoja.

"Sasa hawa wamelala kitanda kimoja," alisema.

Nyumbani alisugua kitovu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa. Nilimwambia imetosha. "Kutu kidogo hapa," alijibu, "mbele ya safari usukani unatetemeka." Alipangusa mafuta ya kiwandani kwenye diski mpya, akakaza bolti kwa mkono wake, akamwaga maji ya kunawa. Nikajua tunaondoka. Hatukuondoka. Alianza kupanda na kushuka njia ya shambani: anakanyaga breki, anaachia, anaacha zipoe, anarudia, ili pedi na diski vizoeane. Mchana ulikuwa umeshapinda.

"Torfi yuko mtoni sasa," nilisema.

"Najua alipo."

"Mpigie basi, mwambie unakuja."

"Nimwambie nakuja kabla sijajua kama nitasimama?"

Nimefanya kazi na manahodha na maaskofu. Sijasikia neno lililonyooka kama hilo. Alipiga simu baada ya kuridhika. Torfi hakupatikana.

Tulipofika Shavuni ukungu ulikuwa umetanda. Mguu wangu ulikuwa ukikanyaga sakafu kana kwamba nami nina breki upande wangu. Gari lilishuka kama mtu mzima anayeteremka ngazi na sinia la vikombe. Sufuria ya supu ya kondoo nyuma yetu haikumwaga hata tone.

Watu walikuwa mlangoni mwa kibanda, wanatafuna samaki mkavu kwa siagi. Nilitafuta gari jipya la Sturla. Halikuwepo.

"Umechelewa, dada," alisema Torfi.

"Nimefika."

"Nilitaka kumpigia kijana." Alikuna ndevu. "Simu haikushika pale mtoni. Labda mvua."

Wanaume wawili walitazama viatu vyao. Herdis alifunua sufuria ya supu.

"Labda," alisema.

Bakuli la kwanza lilikuwa la Torfi, na ndani yake mfupa wenye uboho.

Marino alifariki majira ya baridi yaleyale, kitandani kwake. Torfi aliacha ufalme wa mlima goti liliposhindwa kupanda farasi, na binti yake akaushika. Sturla, mume wa binti huyo, anachunga watoto nyumbani wiki ya kondoo. Alfheid bado yuko kaunta. Herdis aliendesha hadi macho yalipofifia, akamuuzia gari mwalimu mmoja, baada ya kuandika ndani ya boneti kwa rangi nyeupe: ekseli ya mbele ni ya gari la wagonjwa. Diski zisizoingia zimefungwa kwenye lango la zizi, zinalivuta lijifunge. Mimi niko mashariki, kwenye kiwanda cha samaki.