Tukijua Mapema

...kujitayarisha, eti kujitayarisha, na Mwavita amelala chali kwenye kitanda chembamba cha daktari, gauni limekunjwa mpaka chini ya matiti, jeli ya baridi imepakwa juu ya tumbo lake la miezi mitano, anatazama dari na kujiuliza ni mtu gani anayejitayarisha kumpokea mgeni kwa kumpekua kwanza mlangoni kama wanajeshi kwenye kizuizi cha barabarani, huku mume wake Herménégilde amesimama kando ya mashine ya ekografi, bahasha ya kaki kwapani, utadhani yuko ofisini kwake Kigobe anasubiri sahihi ya mkurugenzi, anauliza tena kwa ile sauti ya upole anayoitumia akiwa ameshaamua, "Dokta, mi nauliza tu, kama munaona moyo, munaona mupaka vidole, sasa kwa nini hamuwezi kuona kama na huyu atakuwa vile dada yake?" vile dada yake... hakusema Laure, jina alilompa yeye mwenyewe, alilolipigania mbele ya ukoo mzima, na mwenye jina yuko hapahapa, ana miaka saba, amechuchumaa chini ya dirisha anazungusha kifuniko cha chupa sakafuni, kinazunguka, kinayumba, kinalala, anakizungusha tena, hasemi neno kwa sababu hajawahi kusema neno, na kwa kuwa hasemi watu humzungumzia kama vile hasikii, daktari naye anasogeza kile kidude tumboni, "Pumua polepole, mama," halafu kwa Herménégilde, "Baba, hii mashine inaona mifupa, inaona damu vile inatembea, lakini mambo ya akili apana, hakuna mashine ya kuona hiyo," na Mwavita akadhani yameisha, kumbe bahasha ndiyo kwanza inafunguliwa, zinatoka zile karatasi alizochapa kwenye cyber, alizotumiwa na mdogo wake Arnaud aliyeko Liège, Ulaya, neno autisme, yaani usonji, limepigiwa mstari mwekundu kila lilipo, kama makosa kwenye daftari la mwanafunzi, neno ambalo daktari mmoja mgeni aliwaandikia mwaka jana kwenye kipande cha karatasi, na siku ile Mwavita alifurahi, ndiyo, alifurahi, maana kabla ya hapo kitu hiki kiliitwa pepo, kiliitwa uchawi, kiliitwa dhambi ya mama, na mabukwe, mama yake Herménégilde, akamchukua Laure akampeleka kwenye chumba cha maombi, siku tatu bila kula, mikono imefungwa kwa kitenge, watu wazima kumi wanamfokea mtoto masikioni ili pepo ataje jina lake, Laure, ambaye sufuria likianguka tu jikoni hujitupa chini, akarudi na alama kwenye vifundo vya mikono, wiki mbili anagonga kichwa ukutani, na Herménégilde akasema nini, akasema mama hakukusudia vibaya, Bujumbura hii nzima hakuna aliyekusudia vibaya... "Lakini Ulaya wanatafuta mu damu, dokta, wanasema siku moja watajua mutoto akiwa bado mu tumbo, na nasikia Nairobi iko sindano ya kuvuta maji ya tumbo," "Iyo sindano ni ya kutafuta magonjwa ingine, baba, na inaweza kuharibu mimba," "Mi nataka kujua tu, tukijua mapema tutajitayarisha," haya, neno limerudi, kwa nini basi asilimalize, dada wa Herménégilde, Dative, aliyewapa chumba kule Mutanga Sud tangu Julai ana afadhali, yeye alilimaliza, jikoni, akichambua maharage, "We Mwavita, kama iko njia ya kujua, ujue, halafu utoe, usituletee mwingine wa kucheka na ukuta," na hakuacha kuchambua, jiwe huku, haragwe huku, na Mwavita akasimama na ndoo ya maji mkononi akiona vidole vile vinavyofanya kazi haraka, akamkumbuka kaka yake Divin, wale waliosimamisha basi alimokuwa Divin nao walichambua, wakaomba vitambulisho, wa kubaki huku, wa kushuka na kuuawa huku, Divin miongoni mwao, na wauaji hao hawakuwa na kasoro yoyote, hao walianza kusema wakiwa na mwaka mmoja, walisalimia wakubwa kwa mikono miwili, waliwatazama watu machoni, ndiyo, hata Divin walimtazama machoni, na hakuna daktari aliyewahi kumwita mama wa mmoja wao kando kumwambia kuna kitu kimekosekana kwa mwanao, miaka kumi sasa watu wanauana mchana kweupe kwenye vilima vile mnavyoviona kutoka dirishani, na mtu akiota mashine ya kuchagua atakayezaliwa anaanzia kwa Laure, Laure ambaye hajamwua hata inzi, Laure ambaye hajui hata kusema uongo... na asije mtu akadhani yeye anapenda taabu, anaijua taabu kuliko wao wote, ni yeye anayesugua kinyesi ukutani, ni yeye anayeng'atwa wakati wa kumvalisha Laure nguo, mwezi uliopita tu Laure alijing'ata mkono mpaka damu, siku nne, nyumba nzima ikawa na la kusema, wamerogwa, wamelaaniwa, kumbe ni jino, jino limeoza, limevimba usaha, Mwavita alilazimika kumfungua kinywa kwa kijiko ndipo akaliona, akaketi chini akalia kwa hasira, sasa dawa ya kumwezesha mtoto huyu aonyeshe kidole, hapa, mama, hapa ndipo panauma, dawa hiyo angeifuata kwa miguu mpaka Kigoma, angeimeza yeye kwanza, waitafute hiyo huko Liège, wapigie mstari mwekundu hiyo, lakini swali la Herménégilde halina jino ndani yake, halina Laure ndani yake, linataka tu siku moja kusiwe na wa kuuliza nani yule kwenye picha ya familia... "Mama, geuka kidogo upande wa kushoto," anageuka, kitanda kinalia, sasa anamwona mume wake usoni, kipara kinang'aa jasho, mikono imeshika karatasi vibaya, na hasira yake inakosa pa kutua kwa dakika moja, kwa sababu huyu ndiye anayembeba Laure Jumapili mabegani kwenda kutazama magurudumu ya malori, saa nzima, watu wanacheka, yeye hajali, ndiye aliyejifunza kukata mkate pembe nne sawasawa maana Laure hali mkate uliokatwa vingine, si mtu mbaya, anaogopa, na sasa anamwambia daktari kwa sauti ambayo Mwavita hajaisikia siku nyingi, "Dokta, hii vita, leo tuko, kesho hatuko, sisi tukikufa nani atamushika mukono? Na wakiwa wawili?" mkono... apana, asilifikirie hilo hapa, amelala mbele ya watu, tumbo wazi, asilifikirie, lakini limeshafika, ni Julai, saa tatu asubuhi, mabomu yanaanguka Musaga, mtaani kwao, barabara imejaa watu na magodoro na mbuzi, Herménégilde yuko kazini, yeye na Laure wanakimbia, na Laure anakaa chini, katikati ya lami, anaziba masikio, anafumba macho, anakuwa mzito kama gunia, Mwavita anavuta, anasihi, anampiga kofi, anavuta, na bomu linaanguka nyuma ya shule, na mkono wake ukafunguka, jioni alisema umeponyoka, haukuponyoka, aliufungua, kidole kwa kidole aliufungua, akakimbia, akapita duka la simu, akapita nguzo ya umeme, akapita nguzo ya pili, na ndani ya mbio zile alijisikia mwepesi, Mungu wangu, mwepesi vile hajawahi kuwa tangu amzae, mpaka mwanamke mmoja muuza makaa aliyekuwa akifunga vitu vyake akampigia kelele, "Mama! We mama! Umesahau mutoto!" umesahau, kama mtu aliyeacha mwavuli kanisani, na ni hiyo tu, ni sauti ya mtu asiyemjua iliyomgeuza, Laure alikuwa palepale, watu wanamruka, akambeba mgongoni mpaka ng'ambo ya mto Muha, na Herménégilde alipowapata aliibusu mikono yake, yote miwili, akasema umeniokolea mtoto, naye akaiacha ibusiwe... kwa hiyo alikuwa amelala hapa anamchukia mume wake kwa swali ambalo yeye alishalijibu kwa miguu, miezi mitatu iliyopita, asubuhi, na jibu lake lilikuwa na urefu wa nguzo mbili, yeye aliyemzaa, anayejua harufu ya kichwa chake, anayejua kila wimbo anaouvumisha puani, sasa aletewe karatasi, tena ya mtu ambaye hajamwona uso, hajamnyonyesha hata mara moja, karatasi inayosema huyu naye atakaa katikati ya barabara, atafanya nini nayo, atakimbia mpaka wapi, na huko maabara hakuna muuza makaa, hakuna wa kumpigia kelele kwamba umesahau mutoto, kila mtu atamwambia pole mama, kimbia, na hiyo ndiyo sababu hataki kujua, alidhani hataki kwa kuwa yeye ni bora kuliko Dative, kuliko mabukwe, kuliko huyu mwenye bahasha, sivyo, hataki kwa kuwa anaijua mikono yake, hasira bado ipo, inamchoma vilevile kifuani, ila sasa inamtazama yeye, na ajabu ni kwamba hivyo inabebeka... "Moyo unapiga vizuri, mama, unausikia?" anausikia, haraka haraka, kama mtu anayepanda ngazi, na Herménégilde anapindua ukurasa, "Na Afrika Kusini je, dokta? Kule hawajafika mbali?" na daktari anavua miwani, anaifuta, anasema lilelile tena kwa maneno mengine, na Mwavita amelala kwa ubavu na jeli inakauka juu ya ngozi, na atasema leo, wakitoka hapa, kabla hawajafika kwa Dative, njiani, Laure akiwa katikati yao, kwa kuwa Laure anasikia na ana haki ya kusikia, Laure hakuponyoka, Baba Laure, nilimwachia mimi, nilimwachia nikakimbia nikajisikia vizuri, halafu atasimama, amtazame mume wake usoni, aone kama bado anataka kumpa mtu kama yeye karatasi ya kujua mapema.